Gini 15 za Hiawatha

Rafiki yangu anaandika muziki wa okestra kwenye laptopu, chumba kimoja, Umoja. Fidla, selo, tarumbeta, zote ziko ndani ya programu, kwa sababu okestra ya kweli ya kumchezea kazi yake hajaipata. Mwezi jana alipata dili. Kampuni moja ilitaka wimbo wake wa dakika nane. Alinitumia mkataba saa tano usiku na swali moja: "Buda, hii 'milele' wanamaanisha nini?"

Sikumjibu usiku huo. Nilimtumia jina la mtu: Samuel Coleridge-Taylor.

Huyu alizaliwa London mwaka 1875. Baba yake, Daniel Taylor, alitoka Sierra Leone kwenda kusomea udaktari, akarudi Afrika Magharibi, na mtoto akabaki kulelewa Croydon na mama Mwingereza na jamaa wa mama. Nyumba haikuwa ya matajiri. Lakini kulikuwa na fidla, na kulikuwa na mtu mzima mmoja wa mtaa, Kanali Herbert Walters, aliyemsikia akiimba kwenye kwaya na kuamua kwamba huyu mtoto lazima asome. Walters ndiye aliyemfungulia njia ya kuingia Royal College of Music mwaka 1890, akiwa na miaka 15.

Aliingia kama mpiga fidla, akahamia utunzi. Mwalimu wake alikuwa Charles Villiers Stanford, mkali kama pilipili, na kati ya wanafunzi wa miaka hiyo walikuwemo Gustav Holst na Ralph Vaughan Williams. Kwa hivyo darasa halikuwa tatizo. Tatizo la mtunzi wa okestra huanza baada ya darasa. Mwandishi wa riwaya anahitaji karatasi tu, lakini yeye anahitaji watu sitini waliofunzwa, ukumbi, siku za mazoezi, na mtu wa kunakili noti za kila ala. Hawezi hata kujua kama kazi yake ni nzuri hadi mtu mwingine alipe gharama hiyo.

Na huyo mtu mwingine hupatikana vipi? Kwa koneksheni, kama hapa kwetu. Mwaka 1898 tamasha la Three Choirs, lililokuwa linafanyika Gloucester, lilimtaka Edward Elgar aandike kazi mpya ya okestra. Elgar alisema amebanwa, akapendekeza wampe nafasi kijana wa Croydon. Naipenda sana sehemu hii. Elgar mwenyewe alikuwa na miaka 41 na bado hajafika alikokuwa anaenda. Jina lake kubwa lilikuja mwaka uliofuata. Mtu ambaye bado anahangaika alimpisha mwingine. Ballade in A minor ilichezwa Septemba 12, mtunzi mwenyewe akiiongoza okestra, na watu wakaanza kuuliza huyu ni nani.

Miezi miwili baadaye, Novemba 11, chuo chake kikafanya onyesho la kwanza la Hiawatha's Wedding Feast, kazi ya kwaya na okestra juu ya shairi la Mmarekani Longfellow. Stanford aliongoza. Arthur Sullivan, mtunzi maarufu kuliko wote Uingereza wakati huo, alikuwa mgonjwa lakini alikuja kusikiliza.

Sasa pesa. Novello, wachapishaji wakubwa wa muziki wa kwaya, walikuwa wameinunua kazi hiyo moja kwa moja kwa gini 15. Gini moja ilikuwa pauni moja na shilingi moja, kwa hivyo ni pauni 15 na shilingi 15, basi. Hakuna asilimia, hakuna mirabaha. Na hii haikuwa kazi ya okestra tupu inayochezwa mara moja na kuwekwa kabatini. Kwaya ikiwa na watu mia mbili, kila mmoja anahitaji nakala yake ya kuimbia, na kila nakala inauzwa. Kwaya za Uingereza ziliimba Hiawatha kila kona, za Marekani pia. Wamarekani weusi wa Washington waliunda kwaya wakaiita jina lake, na alipowatembelea mwaka 1904 alikaribishwa Ikulu na Rais Roosevelt. Nakala ziliuzwa kwa malaki. Yeye alikuwa ameshalipwa.

Tusiwaonee Novello. Hawakuvunja sheria, kuuza moja kwa moja kulikuwa kawaida, na hakuna aliyejua kazi ya mwanafunzi itavuma hivyo. Lakini Ufaransa walikuwa wameshatatua jambo hili. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget alikataa kulipia kinywaji kwenye mkahawa wa Paris kwa sababu wanamuziki wa hapo walikuwa wanapiga nyimbo zake bure. Kesi ikaenda kortini, akashinda, na mwaka 1851 chama cha SACEM kikaanza kuwakusanyia watunzi pesa kila kazi yao inapochezwa hadharani. Waingereza walikuwa na haki hiyo kwenye sheria, ila hakukuwa na chama cha kuidai.

Kwa hivyo Coleridge-Taylor alihasli. Alifundisha vyuo kadhaa, aliongoza kwaya, alikuwa jaji wa mashindano ya muziki huku na huko, kisha usiku anaandika. Mwaka 1912 alianguka kwenye stesheni ya West Croydon, na Septemba 1 akafa kwa nimonia. Alikuwa na miaka 37, mke na watoto wawili. Ilibidi ifanywe tamasha Royal Albert Hall kuchangia familia ya mtu ambaye muziki wake ulikuwa ukiuzwa kila wiki, na Mfalme akampa mjane, Jessie, pensheni ya pauni 100 kwa mwaka.

Watu waliona aibu hiyo. Kisa chake kilitajwa sana kwenye mjadala uliokuwepo, na mwaka 1914 watunzi na wachapishaji wa Uingereza wakaunda Performing Right Society. Ni PRS hiyo hiyo iliyokuwa ikikusanya pesa za watunzi hapa Kenya kabla ya MCSK kuundwa mwaka 1983. Kuanzia 1924 hadi 1939, karibu kila mwaka, Hiawatha ilijaza Albert Hall, waimbaji mamia wakiwa wamevalia kama Wahindi Wekundu wa kwenye picha.

Rafiki yangu aliisoma yote, akanyamaza siku mbili. Kisha akakata neno "milele", akaandika "miaka mitano" kwa kalamu, akaurudisha mkataba. Kodi ya nyumba ni tarehe tano. Bado hawajamjibu.