Jirani wa Kasarani: Njiru na Nishani za Taifa

Aliyeijua Njiru kabla ya pande zote za barabara ya Kangundo kusimama maghorofa ataikumbuka kuwa nchi ya malisho na machimbo ya mawe, ambako wachongaji waliketi juani tangu alfajiri, nyundo mkono mmoja na tindo mkono wa pili, wakiligonga jiwe la kijivu polepole mpaka pembe zake nne zinyooke, kisha likapakiwa lorini na kwenda kujenga nyumba ya mtu mwingine, mjini. Mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka wa 1963, sehemu hizi za mashariki ziliingizwa jijini kwa jina, ingawa kwa sura na maisha zilibaki shamba kwa miaka mingi. Na ilipoamuliwa kwamba taifa lijenge uwanja wa kuikaribisha Afrika nzima, mahali palipochaguliwa palikuwa Kasarani, jirani yetu wa upande wa Mwiki.

Ili kuelewa uzito wa uwanja ule, yafaa turudi nyuma. Kenya ilitoka kwenda kushindana na mataifa hata kabla haijapata uhuru: Nyandika Maiyoro alikimbia Vancouver mwaka wa 1954 katika michezo ya himaya ya Uingereza, akamaliza wa nne katika maili tatu, na miaka miwili baadaye akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kushiriki Olimpiki, kule Melbourne. Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa, alishinda yadi 100 na yadi 220 mjini Perth mwaka wa 1962, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya michezo ya Jumuiya ya Madola. Naye ndiye aliyeibeba bendera yetu Tokyo mwaka wa 1964, bendera ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja, katika michezo ambayo Wilson Kiprugut alitwaa shaba ya mita 800, nishani yetu ya kwanza ya Olimpiki. Yaliyofuata Mexico mwaka wa 1968 yanajulikana na kila mtoto wa shule: Naftali Temu, Kipchoge Keino na Amos Biwott wakaleta dhahabu tatu, na nishani zote zikawa tisa.

Lakini historia hii ina pengo ambalo aghalabu hurukwa na wasimulizi. Mwaka wa 1976 Kenya ilijitoa Montreal pamoja na ndugu zake wa Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwaka wa 1980 ikajitoa Moscow kwa sababu ya vita vya Afghanistan. Na mwaka wa 1986 ikasusia michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Mimi sisemi kwamba uamuzi ule wa kwanza ulikuwa na kosa, kwa kuwa haki ya Mwafrika wa kusini ilikuwa na thamani kuliko nishani yoyote. Nasema tu kwamba gharama yake ililipwa na vijana ambao ubora wa miili yao haungesubiri wanasiasa wapatane, na mkimbiaji Mike Boit, aliyekuwa katika kilele cha nguvu zake mwaka wa 1976, hakuipata tena fursa ile maishani mwake.

Kwa hiyo, Michezo ya nne ya Afrika Yote ilipofunguliwa Nairobi mwezi wa Agosti 1987, baada ya kucheleweshwa tangu 1982, na baada ya serikali ya Uchina kusaidia kuujenga uwanja wenye nafasi ya watu wapatao 60,000, haikuwa sherehe ya kuwapokea wageni peke yake. Wanamichezo wetu walikuwa wamepata ugenini uliowafuata nyumbani: walipimwa na Misri, Nigeria, Tunisia na wengineo mbele ya mama zao na jirani zao, kwa lugha yao, kwa chakula chao. Siku ya mwisho timu yetu ya taifa ya kandanda, Harambee Stars, ilifungwa na Misri bao moja kwa bure, na machungu ya bao lile bado yamo vifuani mwa wazee waliokuwapo.

Matunda yalionekana mwaka uliofuata. Seoul 1988 Kenya ilirudi na dhahabu tano: Paul Ereng katika mita 800, Peter Rono katika 1500, John Ngugi katika 5000, Julius Kariuki katika mbio za viunzi na maji, na ya tano katika ulingo wa ngumi, ambako Robert Wangila, kijana wa Nairobi, alimwangusha Mfaransa katika raundi ya pili ya fainali. Chris Sande naye akapata shaba. Hapa ndipo moyo wangu unapokaa zaidi, kwa maana ngumi ndiyo sanaa iliyolelewa na mitaa ya Eastlands. Katika kumbi za jamii kama ya Kaloleni na ya Pumwani, bondia chipukizi alijifunza kuvifunga vitambaa vya mikono kwa kuviringisha kiganja, kisha kifundo, kisha kiganja tena, akingoja zamu ya glavu zilizokuwa bado na jasho la mwenzake, na hakuulizwa kabila wala karo. Tangu Seoul hakuna bondia Mkenya aliyerudi na nishani ya Olimpiki.

Uwanja wa Kasarani, kwa upande wake, haukuacha kuzaa. Mwaka wa 2017 ulipokea mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 18, ambamo Mary Moraa alipata fedha ya mita 400. Mwaka wa 2021 ukapokea ya chini ya miaka 20, ambamo Emmanuel Wanyonyi alishinda mita 800. Mwezi mmoja baadaye, papo hapo, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika, na mwaka wa 2022 akaishinda mbio hiyo katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, miaka 60 baada ya Antao. Paris 2024 Wanyonyi alitwaa dhahabu na Moraa shaba, katika nishani 11 za Kenya ambazo zote zilitoka riadha, na nyingi zikatoka nyanda za juu za magharibi.

Ama kwa hakika hakuna aibu katika hilo. Lakini taifa linalotegemea mchezo mmoja, na kwa sehemu kubwa eneo moja la milima, limefunga mlango ambao Wangila aliupitia. Kaunti ndogo ya Njiru ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 600,000 mwaka wa 2019. Watoto wao hucheza katika ploti ambazo bado hazijajengwa, na kila msimu ploti hizo hupungua, wakati taa za Kasarani huonekana usiku kwa mbali. Kuona pekee hakumpi mtoto raundi tatu za mazoezi. Ushahidi wa mwaka wa 1987 ni kwamba kijana hufaulu anapopewa mahali pa kujaribiwa karibu na kwao.

Basi wenye mamlaka ya Kaunti ya Nairobi, ninyi mnaogawa ardhi na bajeti, tutengeeni Njiru ukumbi mmoja wa jamii wenye ulingo na mwalimu anayelipwa, na kiwanja kimoja kisichouzika, na mfanye hivyo kabla ploti ya mwisho haijachimbwa msingi.