Homa ya Mwaka 1918 na Adabu za Majumbani



Homa ya mafua twaidharau kwa kuwa ni mgeni wa kila mwaka. Basi itazame ilivyokuja mwaka 1918. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vyaelekea mwisho. Bombay ilikuwa imekwisha kuguswa tangu katikati ya mwaka, na ilipofika Septemba homa ikaingia Mombasa kwa njia ya meli. Kutoka bandarini ikapanda gari la moshi pamoja na abiria, ikaenda bara, ikaingia katika kambi za wapagazi waliokwisha kudhoofishwa na vita. Watafiti wa siku hizi, waliopitia kumbukumbu za serikali ya kikoloni, wanakadiria kwamba Pwani ya Kenya ilipoteza yapata watu 25 katika kila 1000. Na ajabu yake, haikuwachukua wazee na watoto wachanga peke yao kama ilivyo desturi ya mafua. Iliwaangusha na watu wa miaka 20 hadi 40, wenye nguvu zao.

Madaktari walikuwa gizani. Wengi walishika kauli ya Mjerumani Richard Pfeiffer, aliyedai mwaka 1892 kuwa amekiona kijidudu cha homa hii. Alikosea. Kirusi chenyewe hakikupatikana kwa mwanadamu mpaka 1933, huko London. Chanjo ya kufaa haikuwako, wala dawa ya kutibu kichomi kilichofuatia homa, ambacho ndicho kilichoua wengi. Kilichobaki ni mambo madogo ya nyumbani: kumtenga mgonjwa, kufungua madirisha, kuziba mdomo, kunawa.

Jee, mambo hayo yalikuwa mageni kwetu? Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) ya kuwa Mtume (s.a.w.) alipopiga chafya akifunika uso wake kwa mkono au kwa nguo, na sauti akiipunguza. Na Sayyidna Umar (r.a.), mwaka 18 wa Hijra, alifika Sargh akaambiwa Sham kuna tauni, akarudi na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kuwa anaitoka kadari Yake na kuiendea kadari Yake.

Hadithi hizi hazikuja kufundisha habari za virusi, na wanaozigeuza kitabu cha udaktari, kwa maoni yangu, wanazidhulumu. Zilifundisha kuwa jirani ana haki asidhurike kwa pumzi yako.

Haki hiyo twaitimiza? Wazee wetu walikuwa na birika na tasa: mgeni humiminiwa maji mikononi, na machafu yakaanguka chini. Leo katika karamu nyingi bakuli moja lazungushwa, kila mtu achovya vidole katika maji ya mwenziwe, kisha wote wajifuta kitambaa kimoja. Kata ya mtungini ni moja, midomo ni kumi. Mwenye mafua aja msikitini, akohoa kiganjani, na Swala ikisha ampa mwenziwe mkono ule ule. Udhu wake ni sahihi, hatuna neno. Lakini kiganja hicho chataka maji na sabuni.

Wala kunawa peke yake hakutoshi, maana homa hii hupita zaidi katika pumzi na matone ya chafya, na mtu huweza kuambukiza siku moja kabla hajajijua kuwa mgonjwa. Tena huku kwetu karibu na Ikweta haina msimu mmoja kama Ulaya. Yaweza kubisha hodi mwezi wowote. Kwa hiyo mwenye homa na aswali nyumbani siku hizo, dirisha la chumba chake liwe wazi, kikombe chake kiwe mbali. Mama mjamzito, mtoto mchanga na mzee mwenye pumu walale chumba kingine. Jamaa watakuja kumtazama, kwani hiyo pia ni haki yake. Wapokewe barazani, wapewe kahawa, na dua waiombe hapo hapo.