Programu ya kuunda wahusika wa mchezo: Fundi wa malungu atawekwa wapi?

MICHEZO ya kuigiza wahusika mezani ilipata umbo lake la sasa nchini Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Ni mwaka ule ule ulioanzishwa Mkoa wa Rukwa, ingawa mambo hayo mawili hayana uhusiano wowote.

Katika mchezo huo watu huizunguka meza, mmoja akiwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki huvaa nafsi ya mtu wa kubuni. Habari za mtu huyo huandikwa katika karatasi: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Katika toleo la kwanza kila sifa ilipewa alama kati ya 3 na 18, zilizopatikana kwa kurusha dadu tatu. Baada ya hapo hufuata fani, ujuzi, silaha na mali.

Ugumu ni kwamba alama hizo hutegemeana. Mchezaji akiongeza nguvu, uzito wa pigo lake hubadilika, mzigo anaoweza kubeba hubadilika, na silaha aliyokatazwa jana huenda akaruhusiwa leo. Hesabu hizo huchosha na makosa ni mengi. Kwa sababu hiyo zikatengenezwa programu za kompyuta za kuunda wahusika.

Kosa la kwanza la mtayarishaji wa programu ya namna hiyo ni kuziandika kanuni za mchezo ndani ya programu yenyewe. Akishaandika kwamba fani ni nne tu, yaani mpiganaji, mchawi, kasisi na mwizi, basi kila fani ya tano itamlazimu kuivunja kazi yake na kuijenga upya.

Programu ya PCGen, iliyoanza mwaka 2000 na kuandikwa kwa lugha ya Java, ilifuata njia nyingine. Ndani ya programu kuna injini ya kukokotoa tu. Kanuni zenyewe ziko nje, katika mafaili ya maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua na kuyahariri. Mwaka huo huo kanuni za msingi za toleo la tatu la Dungeons & Dragons zilitolewa chini ya leseni huria, hivyo watu wa nje wakapata ruhusa ya kuzitumia.

Je, unyumbufu huo unatosha? Kipimo kizuri kinapatikana katika uwanda wa juu wa Ufipa.

Tuseme kijana wa Sumbawanga anataka mhusika wake awe fundi wa kuyeyusha chuma wa zamani, kabla chuma cha viwandani hakijaiua kazi hiyo katika karne ya 20. Wafipa walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, ambayo mabaki yake yangali yakionekana katika uwanda huo. Tanuri hilo halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika.

Mtayarishaji mvivu atamwita mtu huyo mhunzi, ampe alama 2 za ziada katika kufua, na kufunga mjadala. Lakini kufua ni hatua ya mwisho tu. Aliyeongoza kazi ya ilungu alihitaji kujua mawe yenye chuma, makaa, dawa na miiko. Tanuri lilifananishwa na bibi harusi, na mafundi walijitenga na wake zao kwa muda wote wa kuyeyusha. Mwiko ukivunjwa, chuma huharibika.

Hapo programu nyingi hukwama, kwa kuwa zimezoea sifa zinazokaa mahali pamoja. Mwiko si alama. Ni hali yenye mwanzo na mwisho. Programu inyumbuke kiasi cha kukubali aina tatu za vitu: sifa, masharti na athari, na sharti liweze kutaja muda, majira au tendo, si namba peke yake. Faili la kanuni lingesomeka hivi: «Uwezo: kuongoza ilungu. Sharti: anajua dawa, majira ya kiangazi, mwiko haujavunjwa. Athari: kikundi chake kinaweza kuyeyusha.»

Neno «kikundi» lina uzito wake. Hakuna mtu mmoja aliyejaza na kuliendesha ilungu peke yake, ilhali karatasi za wahusika hudhani kwamba kila uwezo una mwenyewe mmoja. Kwa maoni ya mwandishi, huu ndio upungufu mkubwa zaidi wa programu hizo, na hautibiwi kwa kuongeza mafaili. Sharti uamuliwe tangu siku ya kwanza kwamba sifa inaweza kumilikiwa na mtu, na pia na ukoo, kijiji au himaya. Mfipa wa Nkansi na Mfipa wa Lyangalile walikuwa na watawala mbalimbali. Milansi nayo ilibaki na heshima yake ya kale hata baada ya nasaba ya Twa kushika utawala.

Jambo jingine ni lugha. Kiingereza huruhusu programu kubandika neno la sifa mbele ya jina lolote bila kulibadilisha. Kiswahili hakikubali: ni kisu kikali, shoka kali, mkuki mkali na mikuki mikali. Mtayarishaji asipoweka ngeli ya kila jina katika faili la data, skrini itajaa maneno ya kuchekesha, na hakuna mfasiri atakayeweza kuyaokoa baadaye.

Kuhusu ukokotoaji, inatosha kusema kwamba faili la mhusika lihifadhi maamuzi ya mchezaji, si majibu ya hesabu. Kanuni ikirekebishwa, programu hukokotoa upya na mhusika husalimika. Aidha, programu ikague kanuni inapozipakia, kwani sifa mbili zikitegemeana kwa mzunguko, kompyuta haitafika mwisho. Msimulizi naye apewe uwezo wa kukiuka sharti. Programu imwonye, isimzuie.

Swali la mahali pa kuhifadhi lilipuuzwa kwa muda mrefu. Wizards of the Coast, wamiliki wa Dungeons & Dragons, walitoa programu yao ya kuunda wahusika wa toleo la nne, ambayo mchezaji aliiweka katika kompyuta yake. Novemba 2010 wakaihamishia kwenye intaneti, ikiendeshwa kwa teknolojia ya Silverlight. Ulipoingia mwaka 2020 huduma hiyo ilikwisha kufungwa, na aliyekuwa hajanakili wahusika wake alibaki mikono mitupu. Faili la maandishi lililo katika kompyuta ya Sumbawanga, au hata lililochapwa kwenye karatasi, lingali linasomeka.