Mali bila daftari: historia fupi ya kuhariri video

Kuna swali ambalo haliishi kuulizwa: "Kaka, nitumie programu gani kuhariri video?" Mmoja anataka kuunganisha picha za watoto wake, mwingine anapiga video za harusi na analipwa. Wote hutarajia nitaje jina moja tu, basi. Lakini majina hupita, ndugu msomaji. Leo turudi nyuma kidogo, maana historia inalijibu swali hili vizuri kuliko orodha yoyote ya "kumi bora".

Tuanze mwaka wa 1956. Kampuni ya Ampex ya Marekani ilitoa mashine ya kurekodi video iliyotumia kanda yenye upana wa inchi 2. Tofauti na filamu, kanda hiyo ukiishika mkononi huoni picha yoyote. Mhariri alipaka kiowevu chenye unga wa chuma ili alama za sumaku zionekane, akatazama kwa hadubini, kisha akakata kwa wembe na kuunganisha kwa utepe wa gundi. Mkono ukiteleza, kanda asilia imekwisha. Hakuna Ctrl+Z hapo!

Mwaka wa 1971 ikaja CMX 600, mtambo wa kampuni iliyoanzishwa na CBS pamoja na Memorex. Nakala za picha zisizo na rangi ziliwekwa kwenye diski, mhariri akachagua mikato yake kwenye skrini, na kanda asilia haikuguswa. Kazi yake ilikuwa imegeuka orodha: chukua kanda fulani, kuanzia hapa hadi pale, uiweke hapa. Muundo wa CMX 3600 uliofuata baadaye ukawa ndio lugha ya wote. Mstari wake mmoja unafanana na huu:

001 HARUSI1 V C 00:01:10:00 00:01:14:12 00:00:00:00 00:00:04:12

Yaani: mkato wa kwanza, kanda iitwayo HARUSI1, picha, kata moja kwa moja, kisha saa za kuanza na kumaliza kwenye kanda na kwenye kazi mpya. Ni maandishi matupu. Unaweza kuyafungua kwa Notepad! Hadi leo Premiere na DaVinci Resolve zinajua kuyaandika.

Hapa ndipo penye siri. Faili ya mradi wako haina video ndani yake. Ni daftari linaloelekeza video ziliko. Na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuendelee. Bill Warner alianzisha Avid mwaka wa 1987, na mwaka wa 1989 Media Composer ikaanza kuuzwa, ikiendeshwa na tarakilishi za Mac. Mwaka wa 1991 Adobe ikatoa Premiere, iliyoandikwa na Randy Ubillos. Ubillos huyo huyo akahamia Macromedia, akaanza programu nyingine. Apple ikainunua, na mwaka wa 1999 ikaitoa kwa jina la Final Cut Pro kwa dola 999. Miaka michache baadaye Walter Murch akaitumia kuhariri Cold Mountain, filamu ya 2003, na akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya uhariri. Mpaka kati ya mtu wa kujifurahisha na mtaalamu ukawa umebomoka.

Halafu ikafika Juni 2011. Apple ilitoa Final Cut Pro X, iliyoandikwa upya kabisa, kwa dola 299.99. Ilikuwa na kasi, lakini haikuweza kufungua miradi ya Final Cut Pro 7. Wataalamu walipiga kelele, wengi wakahamia Premiere. Waliokuwa wamehifadhi miradi yao kwa XML waliendelea na kazi, kwa sababu Premiere iliisoma. Waliobaki na faili za kawaida tu walihitaji Final Cut ya zamani iwake kwanza, na mwaka wa 2019 macOS Catalina ikaacha kabisa kuendesha programu za biti 32, Final Cut Pro 7 ikiwemo. Mwaka wa 2013 nayo Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa kulipia mfululizo tu. Ukiacha kulipa, mlango unafungwa, na daftari lako limo ndani.

Basi uchague nini? Kama ni kwa kujifurahisha, huna haja ya kununua chochote. Kdenlive ni programu huria, na mradi wake ni XML unayoweza kuisoma mwenyewe. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye nguvu sana, ila inataka kadi nzuri ya picha. Mradi wake huishi ndani ya hifadhidata, kwa hivyo kumbuka kuutoa nje kila unapomaliza kazi. Kama unalipwa, tumia kile ambacho wenzako wanaokuletea kazi wanatumia. Premiere, kwa mfano, huhifadhi mradi kama XML iliyobanwa kwa gzip.

Lakini kabla ya kuzama kwenye programu yoyote, fanya jaribio hili. Hariri mikato mitano, toa orodha yake kwa EDL au XML, kisha uifungue kwenye programu nyingine. Madoido na rangi huenda vikapotea, hilo ni kawaida. Mikato ikifika salama, uko huru kuondoka siku yoyote. Isipofika, jiulize utamwambia nini bibi harusi atakaporudi baada ya miaka mitano kutaka video yake ifupishwe.

Haya, jaribu leo, kisha uniambie hapa chini mikato mingapi ilifika.