Kompyuta mpakato ya skrini kubwa
Kompyuta mpakato ya skrini kubwa (pia: kipakatalishi, kwa kawaida watu husema laptopu) ni kompyuta ya kubebeka yenye skrini ya takriban inchi 15.6 hadi 18, zikipimwa kwa ulalo, kutoka pembe hadi pembe. Hupendwa na wanaofanyia kazi nyumbani.

Inchi peke yake haziongezi nafasi ya kazi. Skrini ya inchi 17.3 yenye pikseli 1920 × 1080 kwa kawaida huonyesha safu zilezile za jedwali kama ya inchi 15.6 yenye pikseli hizohizo. Herufi tu ndizo hukua, nafuu kwa macho. Anayetaka safu nyingi aangalie pikseli.

Mkoani Mtwara, mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika anayefanyia hesabu za korosho nyumbani hufaidika na vitufe vya namba upande wa kulia, ambavyo kompyuta ndogo nyingi hazina. Hata hivyo, skrini kubwa hula umeme zaidi. Mtwara huzalisha umeme kwa gesi ya Mnazi Bay, karibu na mdomo wa mto Ruvuma, lakini umeme hukatika huko pia. Betri ya saa-wati 48, kompyuta ikitumia wati 12, hudumu saa 4. Ikitumia wati 24, saa 2 tu. Skrini ya nje ya kuchomeka ukutani huzimika papo hapo.