Udongo Kati ya Moto na Mguu

Upande wa mashariki wa Milima ya Upare haukuwahi kupata reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, lakini ilipita upande wa pili wa mlima, kwa Makanya na Same. Kabla ya hapo njia ya misafara ilikuwa ya kwetu. Wapagazi waliotoka pwani ya Pangani kwenda Kilimanjaro walipita Gonja na Kisiwani, chini ya mlima, kwa sababu huku kulikuwa na maji ya mito na watu wenye chakula cha kuuza. Reli ilipoanza kazi, mizigo ilihamia huko. Ndungu, Maore na Kihurio tukabaki na barabara ya vumbi na vichwa vya mama zetu.

Hiyo ndiyo sababu pikipiki ilipokelewa hapa kwa mikono miwili. Nilipokuwa mtoto, pikipiki ilikuwa ya bwana shamba au ya mchungaji. Ilipita mara moja, tukaikimbilia, ikapotea. Kisha zikaja pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, na mwaka 2010 Serikali ikatoa kanuni za leseni kwa pikipiki na bajaji za kubeba abiria. Leo mpunga wa skimu ya Ndungu, ile ya hekta 680 iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kunyweshwa kwa maji ya Mto Yongoma, unatoka shambani juu ya bodaboda. Tangawizi ya Mamba Miamba inashuka kwa bodaboda. Mama mjamzito wa kijiji cha juu anashuka kwa bodaboda. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Ndungu, na heshima yangu kwa chombo hiki ni kubwa.

Lakini kuna kovu ninaloliona kila siku ya gulio. Liko mguu wa kulia, upande wa ndani, chini ya goti. Ngozi imesinyaa na kung'aa, wakati mwingine upana wa kiganja. Boxer na TVS, ambazo ndizo nyingi hapa, zina ekzosi upande wa kulia. Abiria anayeshukia upande huo anaigusa kwa shavu la mguu. Anayepandishwa mishkaki, wa tatu nyuma ya dereva, hana hata pa kuweka miguu, kwa hiyo inaning'inia karibu na bomba. Wanaoumia zaidi ni wanawake waliovaa kanga au sketi na watoto wa shule wenye kaptula. Ngozi ya binadamu ikigusa chuma chenye nyuzi 70 za selsiasi, sekunde moja inatosha kuunguza vibaya. Bomba la pikipiki iliyopanda mlima kwa gia ya kwanza, na mzigo mzito, na upepo mdogo wa kulipoza, linapita nyuzi 200 karibu na injini.

Watu wengi wamelizoea kovu hili na kuliona sehemu ya safari. Mimi sikubali. Kuweka kizuizi kati ya moto na mwili ni ujuzi ambao watu wa milima hii waliujua karne nyingi kabla ya injini ya kwanza kuwaka, na waliutengeneza kwa udongo.

Ushahidi wa zamani uko jirani kabisa. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Robert Soper alichapisha katika jarida la *Azania* matokeo ya kazi yake juu ya makazi ya kale ya Zama za Chuma kaskazini mashariki mwa Tanzania. Aina moja ya vyungu alivyovieleza inaitwa mpaka leo kwa jina la Maore, majirani zetu wa Gonja. Ni vyungu vya takriban miaka elfu moja iliyopita. Maana yake, wakati huo tayari kulikuwa na mtu hapa aliyejua udongo upi unavumilia moto na upi unapasuka.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi, na kwake nilijifunza jambo ambalo baadaye lilinisaidia gereji. Hakufinyanga udongo mtupu. Alitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, akachekecha, akachanganya unga wake na udongo mbichi. Sababu yake ni ya kisayansi hasa. Kitu kikipata moto hutanuka, na upande ulio karibu na moto hutanuka kabla ya upande wa pili. Chungu kisicho na punje hizo huanza ufa mmoja mdogo, nao hukimbia mpaka ukingoni. Ufa ukikutana na punje ya kigae, unazuiwa. Kwa hiyo chungu kilichovunjika jana ndicho kilicholinda chungu cha leo.

Kaskazini mwa milima, Ugweno na Usangi, udongo ulifanya kazi ngumu zaidi. Huko ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare, ameeleza jinsi Washana walivyokuwa na mamlaka Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Chuma cha Ugweno kilinunuliwa na Wachaga, ambao wahunzi wao walikifua kuwa mikuki na majembe. Mchanga mweusi wenye chuma uliokotwa mitoni, ukachomwa kwa mkaa katika tanuri lililopulizwa kwa mvukuto wa ngozi. Moto wa kutoa chuma katika mchanga unafika nyuzi 1,200 hivi, nao mfuko wa ngozi ungeungua mara moja kama ungeukaribia. Kilichokabili moto kwa niaba ya ngozi kilikuwa mrija wa udongo: ncha moja ndani ya tanuri, nyingine mdomoni mwa mvukuto. Mpaka leo vipande vya mirija hiyo na mavi ya chuma vinaonekana mashambani huko.

Ninapoutazama mrija ule, naona bomba la moshi. Hewa ya moto upande mmoja, ngozi upande wa pili, udongo katikati.

Ujuzi huo ulirudi kwa sura nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1980, safari hii Nairobi. Majiko ya mkaa ya bati yalikuwa yakipoteza joto pembeni na kuunguza vidole. Mafundi na wataalamu wa Kenya wakachukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakalibadilisha, wakaweka bakuli la udongo wa kuchoma ndani ya bati na kulishikiza kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti. Jiko hilo lilisambaa Afrika Mashariki, Tanzania nayo ikapata la kwake. Kila mama wa Ndungu mwenye jiko la aina hiyo anajua matokeo: mkaa unadumu, joto linabaki kwenye sufuria, na bati la nje halichomi kama lile la zamani. Kanuni ni ileile. Chuma cha kawaida hupitisha joto mara nyingi zaidi ya udongo uliochomwa. Ukiweka udongo mbele ya chuma, joto linachelewa kupita, na sehemu kubwa yake inakwenda pale unapoitaka.

Wenzetu wa viwandani walifika hapo hapo kwa njia yao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vyuma visivyoshika kutu vilikuwa adimu. Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani ikatengeneza utando wa kauri wa kupaka mabomba ya moshi ya chuma laini, yaweze kuvumilia moto bila kuliwa. Baadaye injini ya roketi ya ndege ya majaribio ya X-15, iliyoruka kati ya mwaka 1959 na 1968, ilipakwa zirkonia ndani ya chumba chake cha moto. Uingereza, ujuzi wa kunyunyizia zirkonia uliotoka katika utafiti wa nyuklia wa Harwell uliishia kwenye ekzosi za magari ya mashindano. Zirkonia ni kauri inayopitisha joto mara 20 hivi chini ya chuma laini. Huyeyushwa kwa mwali mkali wa umeme na kurushwa juu ya bomba, ikabaki utando mwembamba usiofika nusu milimita. Chini yake hutangulia tabaka jembamba la metali yenye nikeli, kwa sababu kauri na chuma havitanuki sawasawa. Ni tatizo lile la ufa alilolishughulikia bibi yangu kwa unga wa vigae.

Ndungu hatuna mtambo huo, na siuzi ndoto kwa wateja wangu. Tena kauri peke yake haitoshi: bomba lililopakwa hupungua joto la nje, lakini bado linaunguza likiguswa. Faida yake kubwa ni kwamba moshi unatoka ukiwa bado na joto lake, injini na mguu vinapata nafuu, na bomba haliliwi upesi na kutu. Wapo wanaozungushia bomba kamba au utepe. Ule wa zamani wa asbesto nakataa kuugusa, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa pumzi huleta saratani. Ule wa nyuzi za kioo hauna hatari hiyo, ila hunywa maji ya mvua na ya mitaro ya mpunga, na chini yake bomba linaoza bila kuonekana.

Kinachobaki, na kinachofaa, ni kava. Pikipiki nyingi hutoka kiwandani na kipande cha bati kilichoshikizwa juu ya ekzosi, kikiachana nayo kidogo. Nafasi ile ya hewa ndiyo kizuizi, maana hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo kuliko hata udongo. Barabara zetu za mawe hulegeza skrubu, kava linadondoka, na dereva anaendelea bila hilo kwa sababu pikipiki haijazimika. Hapa gereji hairudi barabarani pikipiki ya abiria bila kava. Nakata bati, nalikunja kwa umbo la bomba, naacha nafasi ya kidole kimoja, nafunga kwa nati za kujibana. Kazi yake haifiki bei ya mafuta ya safari mbili za mlimani.

Madereva nao nawaomba mambo mawili: abiria apande na kushuka kushoto, na mishkaki ikomeshwe. Aliyeungua aweke jeraha chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, mafuta wala majivu, kisha apelekwe zahanati.

Na wanaoagiza pikipiki kwa makontena nawaambia hivi: mnayo nafasi ambayo fundi wa kijijini hana. Mnaweza kudai kiwandani ekzosi iliyopakwa kauri na kava lisilolegea kwa mtikisiko. Watu wa milima hii walidai hilo kwa udongo wao wenyewe, kizazi kwa kizazi, na hawakuwahi kukubali kwamba moto lazima umfikie mtu ndipo kazi ifanyike.