Titi likiwa gumu baada ya kuwekewa silikoni: lipi la kawaida, lipi la kukimbilia hospitali

Leo naweka pembeni siasa na bei ya mpunga. Kuna kitu kimetokea mtaani nikaona nikikaa kimya nitakuwa nimekosea.

Dada mmoja wa mtaa wetu (kaniruhusu niandike, jina kapuni) alienda Dar kuongeza matiti kwenye kliniki ambayo siitaji. Siku ya nne akapanda basi kurudi nyumbani, kilomita kama 400, begi kalibeba mwenyewe. Kesho yake titi la kulia likawa gumu kama embe bichi, limejaa kuliko la kushoto na linauma. Akipiga simu kliniki haipokelewi. Shangazi yake akachemsha maji ili amkande. Bahati nzuri jirani yetu nesi akaingia muda huo huo akasema maji yamwagwe, huyu apelekwe hospitali. Kumbe damu ilikuwa inavujia ndani. Alirudishwa chumba cha upasuaji, ikatolewa, leo mzima. Angekandwa, sijui tungekuwa tunaongea nini.

Mimi si daktari, nimeishia kidato cha nne. Lakini nimekaa na yule nesi, nimesoma vya kutosha, na haya ndiyo niliyokusanya. Kama unasoma cafe na dakika zinaisha, ruka moja kwa moja kwenye dalili za hatari.

KWANZA, NI KITU GANI HASA

Tusichanganye na kile kijiti cha uzazi wa mpango cha mkononi. Hapa ni mfuko wenye ganda la silikoni, ndani yake kuna jeli ya silikoni au maji ya chumvi, unaowekwa nyuma ya titi au chini ya msuli wa kifua. Wa kwanza wa jeli uliwekwa Houston, Marekani, mwaka 1962. Na si mambo ya urembo tu. Wapo waliokatwa titi kwa sababu ya saratani wanaotengenezewa jingine kwa njia hii. Kwa hiyo kabla hujacheka mtu, jua hujui kilichompeleka.

UGUMU WA KAWAIDA

Wiki za mwanzo karibu kila mtu anakuwa na matiti magumu, yamevimba na yamekaa juu juu. Ngozi imevutwa, na kama mfuko uko chini ya msuli, msuli nao umekaza. Moja linaweza kulainika kabla ya jingine. Ganzi kwenye chuchu au hisia kama za kuchomwa vipini ni kawaida pia. Uvimbe unapungua taratibu na mifuko inashuka mahali pake ndani ya wiki kadhaa mpaka miezi kama mitatu.

Cha kuangalia ni mwelekeo. Kila siku nafuu kidogo, uko sawa. Ilikuwa nafuu halafu ghafla imegeuka, hapo hauko sawa.

DALILI ZA HATARI

Ukiona moja ya hizi usisubiri kesho:

1. Titi moja limevimba ghafla kuliko jenzake, limekaza, linauma sana au limepiga bluu. Huenda damu inavuja ndani. Mara nyingi hutokea siku za mwanzo, ila hata wiki ya pili inawezekana.

2. Homa, baridi, titi jekundu na la moto, kidonda kinatoa usaha au harufu. Hapo ni maambukizi. Wakati mwingine dawa haitoshi, mfuko lazima utolewe kwanza na urudishwe miezi kadhaa baadaye.

3. Kidonda kimeachia au mfuko unaonekana.

4. Titi limejaa na ukiligusa linacheza kama lina maji. Ni majimaji ya mwili yamekusanyika.

5. Mguu mmoja umevimba na unauma, au kifua kinabana na pumzi inakata. Hili halihusu titi, ni damu iliyoganda, na inaua. Safari ndefu ya kukaa kwenye basi baada ya upasuaji inaongeza hatari yake.

Kwa wa huku kwetu, nenda St. Francis au kituo chochote cha afya kilicho karibu, ueleze ukweli wote. Usiseme "nimeanguka" kwa sababu ya aibu. Daktari asiyejua kuna mfuko anaweza kuingiza sindano akautoboa.

UGUMU UNAOCHELEWA

Huu ndio unaowachanganya wengi. Mwili ukiona kitu kigeni unakizungushia utando wa kovu. Kila mwenye mfuko anao, na ukiwa mwembamba na laini hausumbui. Shida ni pale utando unaponenepa na kujikaza, ukaubana mfuko kama ngumi. Mara nyingi hujitokeza ndani ya miaka 2 ya mwanzo, ingawa unaweza kuja hata baadaye sana. Madaktari wanaupima kwa ngazi 4 za Baker:

Ngazi ya 1: titi laini, linaonekana la kawaida.
Ngazi ya 2: gumu kidogo ukiligusa, ila kwa macho hujui.
Ngazi ya 3: gumu, na umbo limeanza kubadilika.
Ngazi ya 4: gumu sana, limepinda na linauma.

Ngazi ya 3 na 4 kwa kawaida zinataka upasuaji tena, kukata au kutoa utando na mara nyingi kubadilisha mfuko. Vinavyoongeza uwezekano ni damu iliyobaki ndani, bakteria walioingia wakati wa upasuaji, na mionzi ya saratani.

USIFANYE HAYA

Usikande kwa maji ya moto. Joto linaongeza kuvuja damu, na kwa kuwa ngozi ina ganzi unaweza kuungua bila kusikia.

Usikubali mtu alikamue kwa nguvu "lilainike". Zamani hata madaktari walikuwa wanabana hivyo kwa mikono, wakaja kuachana nayo kwa sababu mifuko ilipasuka na damu kuvuja. Kuchua ni kama daktari wako mwenyewe amekuonyesha jinsi, basi.

Usibebe ndoo ya maji, usitwange, usishike jembe wala usibebe mtoto mkubwa mpaka uruhusiwe, wengi wanaambiwa wiki 4 mpaka 6. Najua huku kwetu msimu wa mpunga haumsubiri mtu, basi panga upasuaji nje ya msimu. Sigara acha kabisa, inachelewesha kidonda kupona. Na dawa za mitishamba mwambie daktari, nyingine zinafanya damu isigande.

MIAKA INAYOFUATA

Mifuko hii si ya maisha. Inaweza kupasuka, na ya jeli hupasuka kimya kimya. Mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri kipimo cha altrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 au 3. Ukienda kupimwa saratani ya matiti sema una mifuko. Kunyonyesha wengi wanaweza, wengine maziwa yanapungua.

Pia kuna saratani adimu ya mfumo wa kinga inayotokea kwenye ule utando, hasa kwa mifuko yenye ganda la kukwaruza. Dalili yake kubwa ni titi kujaa maji miaka mingi baadaye. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote mifuko yake ya BIOCELL kwa sababu hiyo. Na kabla ya hapo, mwaka 2010, Ufaransa ilibaini kampuni ya PIP inajaza silikoni ya viwandani isiyo ya tiba. Wanawake kama 300,000 duniani walikuwa nayo. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo mwaka 2013.

KABLA HUJATOA HELA

Uliza daktari kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kama ni bingwa wa upasuaji huu. Dai kadi yenye jina na namba ya mfuko, uitunze kama cheti cha shule. Uliza nani atapokea simu saa nane usiku. Panga kubaki mjini mpaka kidonda kikaguliwe. Na weka akiba ya upasuaji wa pili, kwa sababu wengi huishia kuuhitaji. Msiseme haya ni ya mbali. Nairobi mwaka 2024 kliniki ya urembo ilifungwa baada ya mwanamke kufariki kufuatia upasuaji wa kunyonya mafuta.

Yule dada anawasalimu. Anasema kilichokaribia kumuua ni aibu, maana usiku mzima alijifunika kanga asimwambie mtu.

Nesi na madaktari mnaopita hapa, kama nimekosea nirekebisheni kwenye maoni. Wa matusi, jamani, pitieni mbali. Naomba kuwasilisha.